Basari ya mbunge, kura ya suti na mgombea ninayemwamini: nimpe nani?

*"Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninauza mitumba mjini Nakuru. Nimeolewa Luanda, Vihiga, na huko ndiko nilikojiandikisha kupiga kura mwaka 2017. Hapa tunakoishi, wanaotaka ubunge mwaka 2027 wameshaanza kupita. Mbunge tuliye naye alimpa binti yangu wa Kidato cha Pili basari ya shilingi 8,000, na matangani hakosi. Wa pili anatarajia tikiti ya chama kinachofuatwa na nyumba yetu yote, na mume wangu anasema kura ni suti: ukianza juu, malizia chini. Wa tatu ni muuguzi mstaafu, mgombea huru, na ndiye ninayemwamini, lakini kila mtu ananiambia kumpigia ni kumwaga kura. Watu wa yule wa pili walitugawia leso na mia mbili mia mbili sokoni, nami nikapokea. Sasa wanasema mashine ya vidole itawaonyesha nani alikula na hakupiga. Nimpe nani? Na mume wangu akiniuliza baadaye, nimwambie nini?"*

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili, na ni mara ya pili ndipo nilipoona neno ulilolitaja kwa kupitia tu, ambalo linatangulia mengine yote. Umesema ulijiandikisha Luanda. Ikiwa hujahamisha usajili tangu wakati huo, basi hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi yako, kwa sababu karatasi ya ubunge hufuata eneo bunge uliloandikishwa, si mahali unapolala wala unapofanyia biashara. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utaangukia Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, na siku hiyo ama utakuwa umesafiri kwenda Luanda kumchagua mbunge wa huko, ama utakuwa umehamisha usajili wako mapema. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi la kuhama lifike kwa tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, lakini usiingojee hiyo siku ya tisini. Nenda mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi, ukiwa na kitambulisho chako cha taifa, na usimkabidhi mtu yeyote kitambulisho hicho eti akuhamishie. Fahamu pia kwamba ukihama, umehama na karatasi zote: gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi watakuwa wa huku, na ya urais pekee ndiyo haibadiliki. Mimi ningehamisha, kwa kuwa watoto wako wanasoma hapa na riziki yako iko hapa. Lakini najua wapo wanaoona kwamba sauti yao iko nyumbani, na hilo nalo si kosa.

Sasa tuje kwenye hofu, kwa maana mtu mwenye hofu hawezi kupima wagombea. Mashine ya vidole haijui ulimpigia nani, na haina njia ya kujua. Kazi yake ni moja: unaweka kidole, inatafuta jina na picha yako katika sajili, karani anathibitisha kwamba ni wewe na kwamba hujapiga kura tayari. Hapo imemalizana nawe. Baada ya hapo unapewa karatasi sita za rangi tofauti (mwaka 2022 ile ya ubunge ilikuwa ya kijani), unaingia kibandani peke yako, unatia alama, unakunja, kisha unaitumbukiza kila karatasi katika sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Karatasi haiandikwi jina lako. Nimewahi kukaa usiku kucha katika darasa la shule ya msingi huku kura zikihesabiwa, taa ya betri juu ya dawati, msimamizi akiinua karatasi moja moja na kuwaonyesha mawakala wa wagombea. Kilichoonekana ni alama tu, nyingine imenyooka, nyingine imepinda kama mguu wa kuku, na hakuna wakala aliyeweza kusema hii ni ya mama fulani wa mitumba.

Sitakuficha, hata hivyo, kitu ambacho wanaweza kukijua. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, na matokeo ya ubunge ya kituo hicho huandikwa kwenye Fomu 35A ambayo nakala yake hubandikwa hapo hapo kituoni ili watu waisome. Kwa hiyo mgombea anaweza kujua kwamba kituo chenu kilimpa kura chache. Kuzitenga kura hizo na kusema ni za nani, hawezi. Vitisho vyote unavyosikia sokoni hujificha katika mwanya huo kati ya kituo na mtu, na anayevieneza anajua kwamba wengi hawajawahi kuelezwa tofauti.

Kuhusu leso na mia mbili: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji hongo kuwa mkosaji, na mpokeaji vilevile. Nakuambia hili ili usipokee tena, si ili usilale usiku. Lakini kupokea hakukukufunga kumpa mtu kura. Hakuna mahakama itakayokudai kura kama inavyodai mkopo. Ikiwa dhamiri yako bado inakusumbua, hilo nakuachia wewe na mchungaji wako. Lakini mtu akikufuata kwa vitisho, andika mahali, saa na maneno aliyoyasema, kisha upeleke habari hizo kituo cha polisi na ofisi ya IEBC. Usimjibu sokoni mbele ya watu. Nakuru yetu iliona mwanzoni mwa mwaka 2008 jinsi maneno ya siasa yanavyoweza kugeuka moto, na sisi tulioishi hapa hatulichukulii tisho lolote kuwa mzaha.

Deni la pili unalolihisi ni la basari, na naliona ndilo zito zaidi kwako, kwa kuwa hili lilimgusa mtoto. Fedha hizo hutoka katika Mfuko wa Maendeleo wa Maeneo Bunge, NG-CDF, ambao kisheria hupewa angalau asilimia 2.5 ya sehemu ya mapato inayobaki kwa serikali ya kitaifa, kisha ukagawiwa maeneo bunge yote 290, la mbunge wa serikali na la mbunge wa upinzani. Unaponunua sabuni au muda wa maongezi wa simu, unalipa kodi inayoingia katika kapu hilo. Kwa hiyo shilingi 8,000 za binti yako ni kodi yako mwenyewe iliyozunguka Nairobi ikarudi ikiwa imebandikwa picha ya mtu. Mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume cha Katiba, ikaupa muda hadi tarehe 30 Juni 2026, nao wabunge wakakata rufaa. Nisingejenga uamuzi wa miaka mitano juu ya mfuko ambao uhai wake wenyewe umepelekwa kortini.

Hata hivyo, si haki kumnyima mbunge sifa zote. Mfuko ukiwa mmoja, wapo wanaougawa kwa haki na wapo wanaougawa kwa jamaa na wapiga debe wao. Hilo unaweza kulichunguza bila kuwa mtaalamu. Nenda shuleni kwa binti yako umuulize karani wa karo ni wanafunzi wangapi walipata basari muhula ule na kwa viwango gani. Ukikuta yatima anayejulikana na mtaa mzima aliambulia 3,000 huku mtoto wa msimamizi wa kampeni akipata 20,000, umemjua mbunge wako kuliko ambavyo mikutano kumi ingekujulisha. Ukikuta wahitaji wamepewa kwa usawa, mpe alama, maana usimamizi mzuri ni kazi.

Matanga, samahani, sikuyaona katika Ibara ya 95 ya Katiba.

Kilichomo katika ibara hiyo ni kutunga sheria, kuamua jinsi mapato ya taifa yanavyogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, kuidhinisha matumizi ya serikali ya kitaifa, na kuwahoji wanaoiendesha na hata kuanzisha hatua za kuwaondoa. Kazi hii hufanyika Nairobi, mbali na macho yako, na ndiyo maana wagombea hupenda kuzungumzia mambo mengine. Mgombea ubunge anayeahidi kuezeka soko lenu au kuleta dawa katika zahanati ya mtaa anakuahidi kazi ya mtu mwingine, kwa kuwa masoko, zahanati, maji na barabara za kaunti ziko chini ya gavana, na anayemsimamia gavana ni mwakilishi wadi wako katika bunge la kaunti. Muulize badala yake atafanya nini Mswada wa Fedha utakapopigiwa kura mwezi wa Juni, kwa sababu sehemu ya kodi na ada zinazoongeza au kupunguza bei ya belo la mitumba bandarini huamuliwa katika Bunge la Taifa, na wewe unajua kuliko mimi shilingi chache kule zinageuka shilingi ngapi hapa.

Utajuaje aliyepo sasa alifanya nini huko? Tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga. Vijana wakaingia bungeni siku hiyo hiyo, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tarehe 8 Oktoba 2024, wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais, 44 wakakataa. Msimamo wa kila mbunge katika siku hizo mbili uko kwenye kumbukumbu, na mbunge wako hawezi kukuambia ulisikia vibaya. Uwe mwangalifu tu kuhusu jambo moja: siku nyingi Bunge halipigi kura kwa majina. Spika huuliza wanaosema ndiyo, kisha wanaosema la, akasikiliza upande wenye sauti kubwa, shughuli ikaendelea. Kwa hiyo mtu akikuletea simu yenye orodha ya "waliopiga kura" kuhusu kila jambo chini ya jua, itilie shaka orodha hiyo.

Kumbukumbu rasmi za mijadala, yaani Hansadi, ziko kwenye tovuti ya Bunge na hazilipiwi. Mwombe huyo huyo binti yako atafute jina la mbunge wake siku ya likizo. Huenda akajifunza uraia zaidi ya darasani. Wapo pia Mzalendo Trust, ambao hutoa ripoti za utendaji wa wabunge. Soma ripoti hizo, lakini usizichukulie kama matokeo ya mtihani. Mtu anaweza kusimama mara nyingi akimshukuru Spika na kuwakaribisha wanafunzi waliozuru Bunge, na mwingine akanyamaza ukumbini huku akifanya kazi ngumu kwenye kamati. Tazama alichokisema na kama aliuliza chochote kinachohusu watu wa eneo lenu.

Kwa hao wawili ambao hawajawahi kuwa wabunge, huna Hansadi ya kusoma, lakini una kitu kilicho karibu zaidi. Muuguzi wako alifanya kazi mahali fulani kwa miaka mingi. Wapo waliokuwa chini yake. Ikiwa aliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha akiba au mjumbe wa bodi ya shule, waulize wenzake kama hesabu zilisomwa mbele ya wanachama au zilisomewa chumbani. Muulize vivyo hivyo yule wa pili, na usimhukumu kwa leso pekee, ingawa mimi binafsi mtu anayeanza kazi kwa kuninunua hunipa wasiwasi wa jinsi atakavyozirudisha hizo mia mbili.

Mumeo ana hoja, na ningependa umsikilize kabla hujamkatalia. Chama si fulana tu. Bungeni, chama ndicho chenye kiranja anayewakusanya wanachama siku ya kura, na ndicho kinachoamua nani akae katika kamati ipi; mbunge anayekaidi anaweza kuondolewa kamatini, na tuliyaona hayo mwaka 2020. Rais asiye na wabunge wa kutosha hupata taabu kupitisha ajenda yake. Basi mtu anayeamini kwa dhati sera za chama fulani, akakipa kura kutoka juu hadi chini, hajafanya ujinga. Ninalopinga ni kusema kwamba kura *ni* suti. Karatasi zimetenganishwa sita kwa makusudi, kwa kuwa kazi ni sita, na sheria haikudai ufananishe rangi za koti na suruali.

Tena kitambaa chenyewe hubadilika. Waliochagua kwa suti mwaka 2022, wa mrengo huu na wa mrengo ule, waliambiwa hizo ni pande mbili zisizoweza kukaa meza moja. Mwaka 2024 viongozi wa ODM waliingia katika Baraza la Mawaziri, akiwamo Wycliffe Oparanya aliyekuwa gavana wa Kakamega na Opiyo Wandayi aliyekuwa mbunge wa Ugunja, na Machi 2025 vyama vya UDA na ODM vikatia sahihi mkataba wa kushirikiana. Sisemi kama hilo lilikuwa jema au baya. Watu wa Kisumu wenyewe wamegawanyika juu yake. Nasema tu kwamba aliyenunua suti aliona ikishonwa upya akiwa ameivaa. Chama kikihama upande, kinachobaki ni tabia ya mtu uliyemtuma.

Na usitishwe na maneno kwamba eneo likichagua upinzani litakosa kila kitu. Mgao wa kaunti hufuata fomula, na mfuko wa eneo bunge nao hufuata sheria. Kuna miradi ya serikali kuu, hasa barabara kubwa, ambamo ukaribu na wenye mamlaka umewahi kusaidia, na kukana hilo ni kudanganya. Lakini miradi hiyo si mingi kiasi cha kukufanya ufumbe macho juu ya mtu.

Sasa muuguzi. Uchaguzi wetu wa ubunge hauna duru ya pili wala nusu ya kura: anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Tuchukue mfano wa kubuni wa kura 40,000: mmoja apate 15,000, wa pili 14,000, wa tatu 11,000. Aliyeshinda amekataliwa na watu 25,000, na bado ni mbunge halali. Hapa ndipo msemo wa kumwaga kura unapozaliwa, na si wa uongo mtupu. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025, mshindi wa Malava, pale Kakamega, alimzidi wa pili kwa kura zisizofika 1,500, na Mbeere North tofauti haikufika hata 500. Mahali kama hapo, waliompa kura mgombea wa tatu wangeweza kubadili matokeo.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuka. Huenda wanaosema muuguzi hawezi ni watu wengi wanaompenda kimyakimya kama wewe, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Wagombea huru waliochaguliwa kuingia Bunge la Taifa mwaka 2022 walizidi kumi, kwa hiyo si ndoto. Usizipime nguvu zake kwa kelele za pikipiki, kwa kuwa kelele hukodishwa. Muulize ana mawakala katika vituo vingapi. Wakala ni mtu anayekaa kituoni kutwa na kukesha hadi fomu itiwe sahihi, na mgombea aliyeweza kupata watu kama hao katika kila kituo ana mtandao wa kweli, wakati yule asiyeweza kutaja hata nusu ya vituo bado hajaanza safari. Umuulize pia atafanyaje kazi peke yake katika Bunge lenye wabunge 349, ambamo nafasi za kamati hupitia kwa vyama, na ambamo Katiba inamnyang'anya kiti mgombea huru anayejiunga na chama akiwa amekwisha kuchaguliwa. Akiwa na jibu, ameyafikiria. Akikuambia Mungu atafungua njia, mwombee, lakini endelea kuuliza.

Mimi ningefanya hivi. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, kama muuguzi ana mawakala na watu wa mitaa mingine, si ya kwenu tu, wanamtaja bila kuulizwa, ningempa kura yangu bila kutazama nyuma. Kama ni dhahiri kwamba amebaki peke yake na mbio ni za wawili, ningejiuliza kama kati ya hao wawili kuna mmoja ambaye ushindi wake utaniumiza kweli. Akiwapo, ningempa mpinzani wake, hata kwa moyo mzito. Kama wote wawili ni sawa kwangu, ningerudi kwa muuguzi, kwa kuwa kura zake zitaandikwa kwenye fomu hata akishindwa, na mwanamke aliyepata 6,000 bila chama huingia uchaguzi unaofuata akiwa mtu wa kutafutwa.

Umeniuliza mwisho umwambie nini mumeo. Ibara ya 38 ya Katiba inakupa kura ya siri, na siri hiyo ni siri hata kwa waume. Zungumzeni kabla: mweleze ulichokikuta shuleni, umsomee alichosema mbunge katika Hansadi, naye akueleze kwa nini chama chake, huenda mmoja wenu akabadilika, na pengine ukawa wewe. Ikiwa mazungumzo hayo nyumbani kwenu huishia kwa kipigo au kwa kunyimwa pesa za matumizi, hilo si suala la uchaguzi tena, na nakuomba umwone chifu au dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Ikiwa si hivyo, siku ile jioni akikuuliza, mwonyeshe kidole chenye wino, umwambie umepiga, kisha umuulize kama foleni ya kwao ilikuwa ndefu.